Filamu aliyoiona mchelewaji

Niliwahi kuingia chumbani wenzangu wakiwa wameshaanza kutazama filamu ya kijasusi, nikakaa pembeni kimya bila kuuliza kitu. Kwenye skrini mwanamke alikuwa anafungua droo za meza ya mtu, anapekua karatasi na kuzipiga picha moja moja kwa simu. Papo hapo nikamweka upande wa wabaya. Kila alipotabasamu niliona unafiki. Alipomkumbatia mwenye nyumba pale mlangoni nikasema moyoni, "Kwisha habari yake huyu mzee." Wenzangu walikuwa wanamhurumia yule mwanamke, na mmoja wao machozi yalikuwa yanamlengalenga. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba katika zile dakika 20 za mwanzo ambazo sikuziona, yule mzee alikuwa amemuuza kaka wa huyo mwanamke kwa maadui. Tulikuwa chumba kimoja, macho yote kwenye skrini moja, lakini kwa zaidi ya nusu saa mimi nilikuwa na filamu yangu na wao walikuwa na yao.

Wengi wetu tunakuhesabu kutojua kwa mtazamaji kuwa pengo: kuna kitu amekosa, basi aelezwe ili awe sawa na wengine. Mtengenezaji wa filamu halioni jambo hilo hivyo. Kwake, kile ambacho hukijui ni malighafi kama ulivyo mwanga au sauti. Anakipima, anakupunguzia pole pole, wakati mwingine anakuacha nacho hadi taa zinawashwa. Ila kuna kutojua kwingine ambako hakuna mtu aliyekupima: umechelewa kuingia, umezaliwa miaka 500 baada ya mchoraji, au hujui ishara ambazo watu wa zama zake walizijua tangu utotoni. Haya mawili yanafanya kazi tofauti kabisa, na kwa kuwa tunayaita kwa jina moja, tunabishana bure kuhusu watu wanaosimulia mwisho wa filamu na kuhusu vibandiko vya maelezo kwenye kuta za makumbusho.

Tuanze na kule kunakopimwa. Mfano unaotajwa sana ni ule ambao Alfred Hitchcock alimpa mwongozaji mwenzake, François Truffaut, walipokaa kwa mazungumzo marefu mwaka 1962. Watu wako mezani wanapiga soga za kawaida, na chini ya meza kuna bomu. Kama sisi watazamaji hatuna habari, bomu linalipuka na tunashtuka. Mshtuko huo Hitchcock aliukadiria kuwa wa sekunde 15. Sasa turudi mwanzo. Safari hii tumemwona mtu akilitega, tunajua litalipuka saa saba kamili, na saa iliyo ukutani inasema saa saba kasorobo. Soga ni ile ile, wala hakuna neno lililoongezwa, lakini sasa kila sentensi inatutia kiwewe. Mmoja akisema ngoja nimalizie hadithi hii, tunataka kumfokea anyanyuke aondoke. Bomu lile lile limetupa dakika 15 za taharuki, na yote hayo yametokana na kipande kimoja cha habari tulichopewa sisi wakanyimwa wao.

Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya filamu yoyote ni hili: nani anajua nini kwa wakati huu, sisi au wao?

Tukijua kuliko mhusika, tunapata taharuki, au tunapata kile ambacho wanafunzi wa fasihi hukiita kinaya. Mbinu hii ilikuwepo kabla ya kamera kwa zaidi ya miaka 2000. Wagiriki waliokwenda kutazama tamthilia ya Sophocles kuhusu mfalme Oedipus walikuwa wanaijua hadithi yenyewe. Walijua kwamba mfalme ndiye aliyemuua mtangulizi wake, na kwamba huyo aliyeuawa alikuwa baba yake mzazi. Mfalme mwenyewe ndiye asiyejua. Anasimama mbele ya raia na kumlaani muuaji kwa sauti kubwa, na maelfu ya watu waliokaa pale wanasikia mtu akijilaani mwenyewe. Hapo hakuna wa kusema amemwagiwa mwisho wa hadithi, kwa sababu mwisho ndio uliowapeleka.

Tukijua kidogo kuliko mhusika, kazi inageuka fumbo. Katika filamu ya Citizen Kane ya mwaka 1941 tajiri anakufa akitamka neno moja, na mwandishi wa habari anazunguka kwa watu akitafuta maana yake. Hakuna mhusika anayekuja kuipata. Sisi tunaipata mwishoni kabisa, wakati hakuna mtu aliyebaki wa kumwambia. (Sitaitaja hapa. Miaka zaidi ya 80 imepita lakini adabu ni adabu.) Akira Kurosawa naye, katika Rashomon ya 1950, alituwekea ushahidi wa aina nne kuhusu kifo cha samurai mmoja: wa jambazi, wa mke wa marehemu, wa marehemu mwenyewe kupitia mganga anayepandisha roho, na wa mkata kuni. Kila ushahidi unaoneshwa kana kwamba kamera ilikuwepo, na hauoani na mwingine. Mtazamaji aliyezoea kuamini kwamba kilichopigwa picha kimetokea anajikuta hana pa kukanyaga, na filamu haimletei ngazi.

Mara nyingine kipimo cha kutojua hutokana na bahati mbaya tu. Steven Spielberg alipokuwa anapiga Jaws, iliyotoka 1975, alikuwa na papa wa mitambo ambaye maji ya chumvi yalimharibu mara kwa mara. Ikabidi papa afichwe. Badala ya mnyama tulioneshwa uso wa bahari, miguu ya waogeleaji ikionekana kutoka chini, boya linaloburutwa, na muziki wa noti mbili wa John Williams ambao tulijifunza haraka unamaanisha nini. Kwa zaidi ya saa nzima hatumwoni sawasawa. Nadhani yule papa angefanya kazi vizuri tangu siku ya kwanza tungekuwa na filamu ya kawaida kuhusu samaki mkubwa. Kila mtazamaji alijichorea papa wake kichwani, na hakuna karakana inayoweza kushindana na kichwa cha mtu mwenye hofu.

Ipo pia elimu ambayo mtazamaji anaingia nayo mlangoni bila kufundishwa na filamu husika. Sote tunaijua kanuni ya "steringi hafi". Hakuna aliyeiandika, lakini anayetazama filamu nyingi huibeba kila anapokaa, na ndiyo inayomfanya atulie risasi zinapovuma. Hitchcock aliifanyia hila kanuni hiyo katika Psycho ya 1960. Alimchukua Janet Leigh, nyota ambaye watu walimjua, akatufanya tumfuate katika safari yake, kisha akamuua kabla filamu haijafika nusu. Ndiyo maana alisisitiza kumbi za sinema zisimruhusu mtu yeyote kuingia baada ya filamu kuanza. Mchelewaji angekaa akimsubiri Janet Leigh atokee, na kila dakika angekuwa anatazama filamu ambayo haikuwahi kutengenezwa. Nikikumbuka yule mwanamke wa droo, naielewa amri ile.

Lakini hata asiyechelewa huwa anajazia mengi mwenyewe bila kujijua. Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi, alifanya jaribio katika miaka ya baada ya mapinduzi ya 1917 ambalo limekuwa somo la kwanza la kila mhariri wa filamu. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usioonesha chochote, akaiunganisha na picha ya bakuli la supu, kisha na ya jeneza, kisha na ya mwanamke. Filamu yenyewe haikusalia na tunaijua kwa masimulizi, lakini kwa mujibu wa masimulizi hayo watazamaji waliusifu uigizaji: jinsi anavyoitamani supu, anavyomlilia marehemu, anavyomtaka yule mwanamke. Uso ulikuwa mmoja. Njaa, msiba na tamaa waliviweka wao.

Jaribu hili mwenyewe siku ukitazama mazungumzo ya watu wawili kwenye skrini. Kamera inamwonesha huyu, inahamia kwa yule, inarudi. Wakati mwingine hao wawili hawakuwa pamoja wakati picha hizo zinapigwa. Mmoja alishamaliza zamu yake akaondoka na mwenzake alikuwa anazungumza na kistendi kilichobandikwa kipande cha utepe. Wewe unaona macho yakikutana. Ungelijua kila kitu kuhusu namna onyesho lilivyopigwa, usingeweza kuliamini. Na hata ukijua, kesho utaliamini tena.

Hilo la kujua na bado kuguswa linatupeleka kwenye ugomvi wa watu wanaosimulia mwisho. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi 12 wazisome. Wengine walisoma hadithi kama ilivyo, wengine walifichuliwa mwisho kwanza. Kwa jumla, waliofichuliwa ndio waliozipenda zaidi. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima kama ushahidi kwamba kulalamika ni utoto. Wengine waliofanya utafiti kama huo baadaye walipata matokeo ya kinyume, na mimi siwashangai wote wawili, kwa sababu "mwisho" si kitu cha aina moja. Kila aliyeingia kuiona Titanic mwaka 1997 alijua meli itazama. Ilizama mwaka 1912 na iko kwenye vitabu vya historia. Kujua huko ndiko kulikofanya kila ngazi na kila mlango wa ile meli utazamwe kwa jicho la woga. Ukimwambia mtu meli inazama hujamwibia kitu. Ukimwambia anayekwenda kuona Psycho kwamba nyota anakufa mapema, umeondoa kitu ambacho Hitchcock alikipima kwa gramu. Filamu ya kwanza ilijengwa juu ya kujua kwetu, ya pili juu ya kutojua kwetu, na anayeuliza kama ni vibaya kusimulia mwisho bila kusema wa filamu gani anauliza swali ambalo halina jibu.

Kurudia kutazama ni jambo jingine. Filamu nzuri ya fumbo ukiitazama mara ya pili hubadilika kuwa ya kinaya. Safari ya kwanza ulikuwa chini ya mhusika kwa habari, sasa uko juu yake. Unamwona muuaji akitoa pole msibani na unajua. Kwa hiyo mwongozaji mwangalifu hutengeneza filamu mbili ndani ya moja, na anayefichuliwa mwisho huruka ya kwanza na kuingia moja kwa moja kwenye ya pili. Amekosa moja, hajakosa zote.

Mchoro hauna dakika. Mchoraji anakupa kila kitu kwa mpigo mmoja, hivyo utadhani hana namna ya kukupimia habari. Hans Holbein aliipata. Mwaka 1533 alichora picha ya wanaume wawili wa Ufaransa, Jean de Dinteville na Georges de Selve, ambayo leo iko London katika National Gallery. Ni kubwa, karibu meta mbili kila upande, na watu wenyewe wana ukubwa wa kawaida. Wamevaa manyoya na hariri, wameegemea shubaka lililojaa vyombo vya kupimia nyota na wakati, tufe la dunia, kitabu cha hesabu, filimbi. Miguuni pao, kwenye sakafu yenye nakshi, kuna kitu cha rangi ya mfupa kilichovutika kama mkate uliokanyagwa. Ukisimama mbele ya picha hukielewi. Inabidi usogee kulia hadi karibu na ukuta, utazame kwa pembeni. Wale mabwana wanajikunja na kupotea, na kile kitu kinajikusanya kuwa fuvu la kichwa, zima, lenye macho matupu. Ukirudi katikati, mabwana wanarudi na fuvu linayeyuka. Holbein hakuwa na dakika za kutugawia, akatumia hatua zetu.

Ila katika picha hiyo hiyo kuna mambo mengine tusiyoyaona ambayo Holbein hakuyaficha. Kwenye shubaka la chini pamelazwa luti, ndugu yake udi, na waya wake mmoja umekatika. Pembeni yake kuna kitabu cha nyimbo za Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, kwa Kijerumani. Mtu wa mwaka 1533 aliyejua kwamba kanisa la Ulaya lilikuwa linapasuka, na kwamba chombo cha muziki kilikuwa ishara ya maelewano, alikuwa na sababu ya kusitasita mbele ya waya ule. Mimi nilipoona nakala ya picha hiyo kwa mara ya kwanza, hata kwamba umekatika sikuona. Hapa kibandiko cha maelezo hakiharibu uhondo. Kinanirudishia kile ambacho mchoraji alidhani ninacho tayari.

Mwanahistoria wa sanaa Michael Baxandall alilieleza jambo hili vizuri kwa kutumia rangi ya buluu. Mwaka 1485 Domenico Ghirlandaio alitia saini mkataba wa kuchora picha ya madhabahu kwa ajili ya Spedale degli Innocenti, nyumba ya watoto waliotelekezwa huko Florence. Mkataba ulitaka buluu iwe altramarini ya thamani ya kama florini nne, sarafu za dhahabu za Florence, kwa wakia. Rangi hiyo ilisagwa kutoka jiwe la lapisi lazuli lililokuja kutoka Afghanistan, na buluu za bei rahisi zilikuwepo. Mfanyabiashara wa Florence akiingia kanisani aliiona bei kwenye joho la Bikira Maria kama sisi tunavyoitambua dhahabu. Sisi tunaona buluu nzuri. Wala hatujui kwamba tumepitwa.

Hata mwendo wa macho hufuata swali tulilokuja nalo. Mtafiti wa Urusi Alfred Yarbus, katika kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1967, alirekodi macho ya mtu aliyekuwa akitazama mchoro wa Ilya Repin, ule wa mwanamume aliyerudi kutoka uhamishoni bila kutarajiwa: ameingia sebuleni na koti chakavu, mwanamke ameinuka kitini, watoto wako mezani. Yarbus alimpa mtazamaji yule yule maswali tofauti. Alipomtaka akadirie umri wa watu, mistari ya macho ililundikana kwenye nyuso. Alipouliza hali ya kipato ya familia, macho yalihamia kwenye nguo na samani. Alipouliza mgeni alikuwa amepotea muda gani, macho yalipiga mbio kutoka uso wa mgeni hadi nyuso za wenyeji na kurudi. Ukiziweka chati hizo pamoja huwezi kuamini kwamba ni za picha moja.

Ndiyo maana kibandiko si kitu cha kuchezea: ni swali unalopewa kabla hujatazama, na likiwa la uongo utatazama kwa uongo. Mchoro wa Van Gogh wa shamba la ngano na kunguru ulisimuliwa kwa miaka mingi kama picha yake ya mwisho kabla ya kujiua Julai 1890. Mwaka 1972 mwandishi John Berger aliitumia kitabuni kuonesha jinsi maneno yanavyobadilisha picha: kwanza aliiweka tupu, ukifunua ukurasa unakuta sentensi kwamba hii ndiyo ya mwisho. Na kweli picha inabadilika. Njia ya katikati inakufa, kunguru wanakuwa habari mbaya. Somo lilikuwa sahihi, habari haikuwa sahihi. Makumbusho ya Van Gogh huko Amsterdam leo yanaona kwamba picha yake ya mwisho huenda ni ile ya mizizi ya miti, ambayo haina kunguru hata mmoja. Hofu niliyokuwa nikiihisi mbele ya lile shamba ilikuwa ya kweli, iliyotokana na jambo lisilo la kweli, na bado sijui niipeleke wapi.

Wataalamu nao hawana kinga. Mwaka 1937 Abraham Bredius, mzee aliyeheshimika kwa elimu yake ya michoro ya Uholanzi, alitangaza kupatikana kwa kazi ya Vermeer iliyokuwa haijulikani, Kristo akiwa mezani Emau, na akaiita kilele cha kazi zote za mchoraji huyo. Ikanunuliwa kwa ajili ya makumbusho ya Boijmans huko Rotterdam, watu wakamiminika. Ilikuwa imechorwa na Han van Meegeren, aliyechanganya rangi na kemikali za kutengeneza bakelaiti, aina ya plastiki ngumu, na kuichoma kwenye tanuri ili ikauke kama ya karne tatu. Lakini tanuri haikutosha. Alichokitumia zaidi ni elimu ya wasomi wenyewe: walikuwa wanaamini kwamba Vermeer lazima alipitia kipindi cha michoro ya dini ambacho kazi zake zimepotea. Van Meegeren akalijaza pengo hilo, na wao wakaona walichokuwa wanakisubiri. Mtu asiyejua lolote kuhusu Vermeer asingekuwa na pengo la kujazwa.

Mwaka 1945 alikamatwa kwa kosa la kumuuzia Göring, kiongozi wa Wanazi wa Ujerumani, Vermeer mwingine, yaani kuuza mali ya taifa kwa adui, akajitetea kwa kukiri kwamba ni yeye aliyeichora. Hawakumwamini mpaka alipochora nyingine chini ya ulinzi. Picha ya Emau bado ni mali ya makumbusho hayo ya Rotterdam. Ukiitazama leo, ukishaijua habari yake, zile kope nzito na mashavu yaliyobonyea yanakuonesha waziwazi waigizaji wa sinema wa miaka ya 1930. Bredius alikuwa na nyuso hizo hizo mbele ya macho yake, na aliishi miaka hiyo hiyo.